Muulize Aliyelala

Wiki iliyopita nilimpeleka mwanangu kwa daktari, homa ya siku tatu. Mavyaa wangu alifuatana nami, maana kwetu mke kijana hatoki peke yake na mtoto mgonjwa, lazima mama wa mumewe awepo. Tukakaa benchini. Akaja msichana wa ukalimani, mmoja wenu, mtandio umepigwa pasi, kalamu mkononi, umri wake hata ishirini haujafika. Mtoto nimempakata mimi. Maziwa yananivuja mimi. Siku tatu sijalala mimi. Msichana akainama, akamwamkia mavyaa wangu kwa adabu zote alizofunzwa kwao, kisha akamwuliza yeye: "Mamake anasemaje?"

Mamake nipo hapo, namtazama usoni.

Nilimjibu mwenyewe, na nilimjibu vibaya, mpaka benchi zima likageuka. Mavyaa wangu mpaka leo chakula ananiwekea bila kunitaja jina. Siwaombi radhi, yeye wala yule msichana. Lakini nilipokwisha kumlaza mtoto nilikaa nikafikiri, nikaona kuwa yule msichana hakufanya kosa lake. Amefanya kosa langu. Mimi ndiye niliyelifanya kabla yake, kituoni pale pale, na najua lilimwangukia nani. Alikuwa mwanamke anaitwa Mize, na nusura afe mbele ya macho yangu kwa sababu mimi nilikuwa na adabu.

Basi nawaandikia nyinyi wasichana mnaotoka skuli na kutiwa kazi hii. Najua mmepewa kalamu mkaambiwa tafsirini. Mimi niliambiwa hivyo hivyo. Sina mvi, nina mtoto wa kwanza anayeota meno, lakini kazi hii nimekwisha kuiacha na sirudi tena, kwa hiyo naweza kuisema bila kumwogopa mtu.

Nilianza miaka ya hamsini ikielekea ukingoni, katika kituo cha matibabu cha kusini ambacho sitakitaja. Daktari wetu hakuwa Mwingereza. Alikuwa mwanamke wa Hispania, mtu wa makamo, aliyekimbia kwao kwa vita kabla hajamaliza kusomea udaktari. Akazunguka nchi za watu, akaumalizia huko huko, mpaka akaangukia katika kazi ya serikali ya Kiingereza, na kazi ikamleta Pemba. Jina lake Pilar. Watu wakasema hilo si jina la kumwitia mtu, wakamwita Bi Pili. Wanawake wa foleni walimtania kila siku wakimwuliza Bi Mosi yuko wapi. Mwaka wa kwanza alikuwa akicheka tu bila kujua anachochekea. Mwaka wa pili akawajibu kwa Kiswahili chake cha kuchechemea kwamba Bi Mosi kaolewa, kamwachia yeye kazi zote. Tangu siku hiyo walimpenda.

Kiingereza chake alikijifunza ukubwani. Changu nilikipata Unguja kwa fimbo. Kwa hiyo maneno ya mgonjwa yaliingia kwangu kwa Kipemba, yakatoka kwa Kiingereza cha skuli, yakaingia kwake, na ndani ya kichwa chake yakageuka Kihispania ndipo akafikiri. Jibu nalo likarudi njia ile ile. Mgonjwa wa tumbo anakaa katikati anatutazama kama watu wawili wanaohamisha maji kwa viganja. Kinachofika ni kidogo, na hakuna anayejua kilichomwagika kilikuwa nini.

Wiki ya kwanza Bi Pili alitaka kuwarudisha nyumbani wagonjwa sita, kwa kuwa kila aliyeulizwa hali alijibu hajambo, alhamdulillahi. Mimi nilitafsiri kama walivyosema. Aliyetuokoa ni Mzee Faki, mfunga vidonda wetu, mtu aliyefanya kazi pale tangu mimi sijazaliwa. Hakujua lugha yoyote isipokuwa Kipemba, na hakuona kuwa ana upungufu. Aliniambia Mpemba kwanza husema hajambo, kwa sababu hiyo ni salamu na salamu hujibiwa. Halafu husema kichwa, kwa sababu kichwa hakina aibu. Neno lake la kweli hulisema amekwisha kusimama, mkono umeshika mlango, anaaga. Akaniambia nisifunge daftari mpaka mgonjwa afike barazani. Niliona ni porojo za kizee. Kisha nikamwona mwanamume wa miaka hamsini ametibiwa kichwa, kashukuru, kafika mlangoni, akageuka akasema polepole kwamba pia anakojoa damu tangu mwezi wa Rajabu.

Kihispania sikukitafuta kwa kupenda. Ilikuwa msimu wa karafuu, akaletwa mchumaji aliyeanguka mtini na kupasuka paja. Bi Pili akainama juu yake, na Kiingereza chote kikamtoka, kama kinavyomtoka kila mtu anayesema lugha ya kuazima pale mambo yanapomzidi. Akanyoosha mkono nyuma akasema, "Tijeras." Nikampa maji. "Tijeras!" Nikampa kitambaa. Mara ya tatu nikamletea kiti. Mzee Faki akanisogeza kwa kiwiko, akachukua mkasi, akautia katika kiganja cha daktari. Yeye alikuwa ametazama vidole vya daktari, vilivyokuwa vinafunguka na kufumbana hewani.

Baadaye, tunaosha vyombo, Mzee Faki akaniuliza kwa upole kabisa, "Raya, skuli ya Unguja ulikaa miaka yote ile kujifunza kuleta kiti?"

Nikaenda dukani nikanunua daftari.

Sikujifunza kama tulivyofunzwa Kiingereza, paka, mbwa, hiki ni kitabu. Nilimwambia Bi Pili anipe kwanza maneno anayoyasema akiwa na hofu. Akaandika: agua, maji. Sangre, damu. Espera, ngoja. Respira, vuta pumzi. Duele, inauma. Cuántos, wangapi. Usiku nikayaimba kwa sauti kama tulivyoimba alifu chuoni, mpaka mama yangu akauliza kama nimeingia dini nyingine. Nyinyi nanyi, lugha yoyote mtakayotumwa kuibeba, anzeni hapo. Majina ya matunda mtayapata mkiwa na nafasi.

Nilishangaa kuona kinasomeka. A yao ni a, u yao ni u, hakuna ule wizi wa Kiingereza wa kuandika hivi na kusoma vile. Meza ni mesa. Bendera ni bandera. Na kila mtoto alipozaliwa na bado tunamngoja alie, Bi Pili alinong'ona neno moja, ojalá. Nikamwuliza maana yake. Akasema, Mungu akipenda. Nikamwambia hilo ni letu, mmelichukua kwa Waarabu. Akasema si kweli, ni la bibi yake, mwanamke wa kijijini ambaye hajamwona Mwarabu hata mmoja. Tukabishana mpaka tukacheka, na mtoto naye akalia.

Siku moja tulimpeleka kutazama mchezo wa ng'ombe. Alikaa, mikono imekamata mapaja. Watu wakamchezea ng'ombe kwa kanga, wakakimbia, wakaimba, ng'ombe akachoka, akafungwa kamba akarudishwa kwake kula majani. Bi Pili akaniuliza anauawa lini. Nikamwambia hauawi. Baada ya kitambo akauliza tena. Wanawake waliokuwa karibu wakataka kujua anasemaje, na hapo, mniamini, ndiyo mara pekee niliyofanya vyema kutotafsiri.

Alikuwa mpweke. Ijumaa mchana, kituo kikiwa kitupu, alinikalisha barazani niseme naye Kihispania cha upuuzi, bei ya samaki, nguo za watu. Alisema hakuna kinachochosha kama kuwa mjinga kutwa nzima katika lugha ya watu wengine. Kwao alikuwa mtu wa maneno, mtu wa kuchekesha. Hapa alikuwa mtu wa fungua mdomo, toa ulimi. Nilimfahamu, kwa sababu Unguja katika dakhalia, bweni la skuli, wasichana walikicheka Kipemba changu mpaka nikanyamaza muhula mzima, na mwalimu akaandika katika ripoti kwamba mimi ni mpole. Mimi si mpole. Niliambiwa hivyo kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Sasa Mize.

Aliletwa asubuhi kutoka Chokocho, juu ya lori la nazi, uchungu umeanza. Alikuwa mtu wa rika langu. Mkunga wetu alikuwa msibani kwao. Nikamwingiza Mize nyuma ya pazia kumbadilisha kanga, tukawa wawili tu, na hapo akanishika kichwa akakivutia kinywani mwake. Akaniambia kwamba huyu ni wa tatu. Wawili wa mwanzo walikufa siku hiyo hiyo walipozaliwa, na mara zote mbili kondo ya nyuma ilikataa kutoka, akamwaga damu mpaka akazimia. Akaniambia, "Mwambie daktari. Lakini mavyaa asisikie kuwa nimewataja." Katika nyumba ile waliokufa hawakuhesabiwa. Kumtaja aliyekufa mbele ya tumbo ilikuwa kumwonyesha anayekuja njia ya kufuata. Si nyumba yao tu iliyo hivyo, nanyi mnajua.

Nikafungua pazia. Mavyaa wake akaingia, mwanamke mzito, mwenye haya zake na tasbihi yake, umri wa mama yangu. Bi Pili akauliza mimba ya ngapi. Mimi, kama nilivyozoea, nikamgeukia mtu mzima. Akasema ya kwanza. Akaniangalia. Mize akafumba macho.

Nikamwambia daktari, "Anasema ya kwanza."

Sikilizeni hilo neno, anasema. Nani anasema? Bi Pili aliona mwanamke mmoja amelala, akaamini kuwa yeye ndiye aliyesema. Nilikuwa nimechukua ulimi wa mtu mmoja nikaupachika katika kinywa cha mwingine, na nilifanya hivyo kila siku, miaka miwili, kwa kila mke kijana aliyeletwa na mkwewe. Sikuuona kuwa uongo. Niliuona kuwa malezi mema. Kumbishia mwanamke wa umri ule mbele ya mgeni ni kumvua nguo. Nilisema moyoni nitamnong'oneza daktari pembeni.

Mimba ya kwanza huchukua muda, Bi Pili akasema, huenda ikafika magharibi. Kulikuwa na mtu kavunjika nyonga huko Mtambile anamngoja. Nikamchukulia mkoba mpaka garini. Pembeni nilikokusudia ndiko hapo, mimi na yeye na mlango wa gari. Nikafungua mdomo. Nikageuka, nikamwona mavyaa amesimama kizingitini anatutazama, anazungusha tasbihi. Nikaufunga mdomo. Gari ikaondoka.

Mtoto alizaliwa kabla ya adhuhuri. Msichana, akalia mwenyewe vizuri. Kisha kondo haikutoka, na damu ikaanza. Mzee Faki hakuweza kuingia kwa wanawake, akasimama nje ya pazia ananielekeza kwa sauti, sugua tumbo, inua miguu, mfunike. Alikwisha kumtuma mtu kwa baiskeli kumfuata daktari. Nikasugua. Kanga moja ikajaa, ya pili ikajaa. Mize hakulia. Alikuwa akinitazama, macho hayaniachi, na sikuweza kuyatazama.

Bi Pili akaingia na matope mpaka magotini, kwa kuwa gari ilikwama akamalizia kwa miguu. Akaona sakafu. Kiingereza kikamtoka. "¿Cuántos?" akaniuliza. Watoto wangapi amezaa.

"Tres," nikasema.

Akanitazama. Nikarudia, tres. Akavua saa, akaingiza mkono.

Na msinipe sifa kwa lile neno. Mavyaa alikuwa bado pale, kajibanza ukutani anasoma dua. Nilisema kweli kwa lugha asiyoifahamu yeye. Hata wakati ule, damu imefika miguuni kwangu, bado nilikuwa namwonea haya.

Mize hakufa. Gari ilipokwamuliwa walimpakia wakampeleka mjini, na huko wakamtoa kizazi ili damu ikatike. Bi Pili alirudi magharibi. Nilijua atanifukuza, na nilitaka anifukuze. Alichukua beseni, akatia zile kanga na mashuka, akaliweka chini baina yetu, akakaa kwenye kigoda cha kufulia. Akanipa nusu. Tukafua. Kazi ile ilikuwa ya mfuaji, si yangu wala yake. Maji tuliyabadilisha mara nyingi. Mwisho akaniuliza nilijua tangu lini. Nikamwambia tangu asubuhi, aliniambia mwenyewe. Akatikisa kichwa, akaendelea kukamua.

Siku ya pili kulikuwa na utaratibu mpya. Wakwe, masomo waliowafunda, mashangazi, wote barazani, na Mzee Faki akawa kazi yake kuwakalisha, kuwapa kahawa na kusikiliza ukoo wao mpaka kizazi cha nane. Ndani tunabaki watatu. Mimi nakaa kichwani kwa mgonjwa, si upande wa daktari, sikio langu karibu na mdomo wake. Akisema naumwa hapa, mimi nasema naumwa hapa, wala siweki anasema. Kama sikulifahamu neno nasema sikulifahamu. Kisha, tukishasikia yote, mavyaa anaitwa naye anasema lake, na hilo nalitaja kuwa ni lake. Miezi mitatu ilikuwa vita. Wanawake walituambia tunawafundisha wake za watu utovu. Mmoja aliniuliza kama mama yangu alinilea zizini. Sheha aliletewa malalamiko, akaja, akakalishwa barazani na Mzee Faki, akanywa kahawa, akaondoka. Polepole wakazoea. Kitu cha ajabu, wakwe wengine walianza kutoka wenyewe kabla ya kuambiwa. Nadhani nao walikuwa wamechoka kuwasemea watu wawili.

Mwaka uliofuata Bi Pili alihamishwa. Akaja daktari mwingine, mwanamume mwenye haraka, akaona pale barazani watu wanakunywa kahawa ya bure, akaiondoa, na wakwe wakarudi ndani. Mzee Faki alistaafu. Mimi nikaolewa, nikapata tumbo, nikakatazwa kazi. Na sasa ninyi mnakaa upande wa daktari tena, mnamuuliza mwenye mvi. Ndiyo hasira yangu. Si kwamba hamjui Kiingereza, mnakijua kunishinda.

Hamkuuliza Mize alikuwaje. Mumewe alipewa mke mwingine kabla mtoto hajakaa, kwa kuwa nyumba ile ilitaka watoto. Talaka ikafuata. Akarudi kwao Gando na binti yake.

Nilimfuata huko baada ya arobaini yangu, na mwanangu mgongoni. Nilimkuta ukumbini anachambua karafuu, vikonyo huku, karafuu huku, binti yake amelala juu ya jamvi. Alinikaribisha, akanipa maji, akaniuliza mtoto wangu ana jina gani. Nikakaa nikasema yote, kwa urefu, maneno niliyokuwa nimeyapanga toka nyumbani. Nilimweleza kuhusu Kiingereza na Kihispania, kwamba daktari hakuwa mtu wa lugha yetu, kwamba maneno yalipita mikono mingi. Vidole vyake havikusimama hata mara moja.

Nilipomaliza akasema, "Raya, daktari hakunisikia, kwa kuwa hajui Kiswahili. Mavyaa hakunisikia, kwa kuwa hakutaka. Wewe ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Basi mimi na wewe lugha haikutushinda."

Nikaomba radhi, kwa jina la Mungu, kama inavyoombwa. Akachukua konzi nyingine ya karafuu akaimwaga mapajani.

"Radhi leo sina," akasema. "Ukija tena, niulize."

Nimekwenda mara nne. Mara ya nne alimpokea mwanangu, akampakata, akampa kidole atafune. Namuuliza kila ninapokwenda, na kila mara hunijibu mwenyewe, kwa mdomo wake: bado.